Shangazi, wamenipandisha cheo dukani ila karatasi ya kusaini inanitisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Gongo la Mboto na mama na wadogo zangu wawili. Nafanya kazi kwenye kampuni yenye maduka kadhaa ya vipodozi hapa Dar es Salaam, jina naomba nisilitaje. Tawi letu liko ndani ya mall. Tunauza fandesheni, poda, lipustiki, pafyumu, mafuta ya nywele, mawigi, kope na kucha za kubandika, mpaka sponji za kuogea. Huu ni mwaka wangu wa tatu.

Kazi yenyewe naipenda, hilo siwezi kulificha. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anasema nataka nitokee hivi. Ukimtazama unaona rangi anayoitaka ni ya mtu mwingine kabisa. Unampaka kidogo kwenye taya, siyo kwenye mkono maana mkono unadanganya, unamtoa mpaka mlangoni penye mwanga wa jua, unampa kioo. Kuna mama alikuwa anajiandaa na send-off ya bintiye, akajitazama, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa najipaka majivu?" Kesho yake akaja na dada zake.

Shida ni shoti. Kila mwisho wa mwezi tunafunga duka tunahesabu mzigo mpaka saa tano, saa sita za usiku. Kilichopungua ukilinganisha na kinachosomeka kwenye sistimu kinapigiwa bei ya kuuzia, kinagawanywa sawa kwa wote sita, halafu tunakatwa. Haijalishi nani alikuwa zamu na nani hakuwepo. Mwezi uliopita nilikatwa 110,000, na mshahara wangu ni 350,000. Mwenzetu aliye likizo ya uzazi naye alikatwa kama sisi.

Sisemi hakuna wizi. Jumamosi duka likijaa, lipustiki ni kitu kidogo, mtu anaificha kwenye kiganja ukiwa unamwangalia. Lakini si hilo tu. Ofisi kuu wanapiga simu, "Mpe dereva pafyumu dazeni, tawi la Kariakoo limeishiwa." Dereva anachukua, karatasi inakuja wiki inayofuata au haiji kabisa. Testa tunazifungua kwenye mzigo huo huo wa kuuza, na sistimu haina habari. Meneja wa matawi anaingia na mgeni wake, anambebesha zawadi, anasema, "Nitawaambia wahasibu." Sijui kama huwaambia.

Sisi tukitoka jioni tunapekuliwa. Pochi ya pedi inafunguliwa mbele ya mlinzi mwanaume.

Naingia saa 3 asubuhi, natoka saa 1 usiku, siku sita kwa wiki. Chakula ni nusu saa, kwa kupokezana. Kukaa hairuhusiwi, kiti kipo kimoja, cha keshia. Uso lazima uwe umepakwa kamili tangu duka linapofunguliwa, na vipodozi vya kujipaka tunanunua hapo hapo kwa punguzo, vinakatwa kwenye mshahara. Kamisheni ipo, ila tawi zima lifikishe tageti kwanza.

Sasa msimamizi wa tawi anaondoka na wamenichagua mimi. Nyongeza ni 80,000 kwa mwezi. Nimepewa karatasi nisaini kabla ya tarehe mosi. Imeandikwa kwamba msimamizi atawajibika kwa upotevu wote wa mali ya tawi na atakatwa kadiri kampuni itakavyoona inafaa. Chini yake imeandikwa kwamba msimamizi halipwi saa za ziada.

Na kuna jambo jingine. Miezi hii ya karibuni yanaletwa maboksi ya krimu za kung'arisha, jioni jioni hivi. Hayaingizwi kwenye sistimu, yanakaa stoo nyuma ya mawigi. Mteja akiuliza kwa sauti ya chini, "Ile ya nguvu ipo?", ndipo inatolewa, bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Fedha anakuja kuzichukua meneja mwenyewe. Msimamizi anayeondoka alinivuta pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, hizo usizihesabu."

Mama anasema nisaini, cheo hakigongi hodi kila siku. Rafiki yangu anasema niache kazi tuchange tufungue fremu yetu ya vipodozi. Mimi nimekaa katikati. Nifanyeje Shangazi?

Dada wa Kaunta, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Karatasi hiyo usiisaini ilivyo. Nimelitanguliza hilo ili hata kama daladala imefika na unataka kufunga simu, uondoke nalo.

Sisemi ukatae cheo. Mtu anayeweza kumtoa mteja mlangoni akamwonyesha rangi yake halisi anastahili kuongoza duka, na nadhani hata hao mabosi wanalijua, ndiyo maana wamekufuata wewe. Ninachokataa ni wewe kubeba lawama ya mzigo ambao hukuuhesabu, unaotoka kwa amri za watu ambao huwezi kuwauliza.

Tuanze na hizo shoti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa sababu tu duka limepungukiwa. Ili akukate kwa ajili ya mali iliyopotea au kuharibika, hasara iwe imetokea ukiwa kazini na iwe imetokana na kosa lako. Akuandikie imesababishwa na nini, ni kiasi gani, na kiasi hicho amekipataje. Akupe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na akishayatimiza yote hayo, bado makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Robo ya 350,000 ni 87,500. Wewe umekatwa 110,000, bila barua, kwa kosa ambalo hakuna aliyekutajia. Na huyo mwenzenu wa likizo ya uzazi! Mtu yuko nyumbani ananyonyesha, huku dukani amevunja chupa gani?

Hiyo ya kugawana sawa kwa sita inawafaa ofisi kuu kwa sababu moja: inawaondolea kazi ya kutafuta mali imeenda wapi. Mwezi ukiisha fedha imerudi, tena kwa bei ya kuuzia. Fikiria lipustiki waliyoinunua kwa 6,000 wakaiweka rafuni kwa 15,000. Ikipotea, wao wamepoteza kiasi gani? Kwa macho yangu ni 6,000. Hiyo 9,000 ni faida ambayo hawakuwa wameipata, na kukukata wewe 15,000 ni sawa na kukuuzia lipustiki ambayo hukuipeleka nyumbani. Wanasheria watabishana hapo, lakini hoja hiyo ni yako, itumie.

Sasa tazama karatasi yao inataka kufanya nini. Sheria inaruhusu pia makato ambayo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kuhusu deni. Leo wanakukata bila hata saini yako, na hapo wanajua wamesimama pabaya. Ukishasaini "upotevu wote" na "kadiri kampuni itakavyoona", umewapa karatasi ya kunyooshea kidole kila ukilalamika. Haifuti masharti ya kosa na robo niliyoyataja, lakini itakubidi ukayapiganie ukiwa tayari umekatwa.

Kuhusu huo mstari wa saa za ziada, chukua kalamu tupige hesabu. Saa 3 asubuhi mpaka saa 1 usiku ni saa kumi. Toa nusu saa ya chakula (sheria inasema iwe saa nzima kwa mtu anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, lakini tuiache kwanza), zinabaki tisa na nusu. Mara siku sita, unapata saa 57 kwa wiki. Kawaida ya kisheria ni saa 45. Kwa hiyo kila wiki unatoa saa 12 za ziada, kwa wiki nne 48, na ukomo wa sheria kwa wiki nne ni 50. Usiku mmoja tu wa kuhesabu mzigo unakuvusha ukomo huo. Mshahara wa 350,000 ukiugawa kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa 45, saa yako moja ni kama shilingi 1,795. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani karibu 2,690. Saa 48 ni takriban 129,000. Na kazi ya kuanzia saa 2 usiku ina nyongeza yake, isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, ambayo nadhani hujawahi kuisikia.

Umeiona ile 80,000 ilivyo? Wanakupa pungufu ya kile ambacho tayari walipaswa kukulipa ukiwa muuzaji wa kawaida. Na mstari wao haukuandikwa kwa bahati mbaya: sheria inawatoa kwenye kanuni za saa za kazi wafanyakazi wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukiwa msimamizi wa namna hiyo, ule ulinzi wa saa 45 unaweza kukuponyoka. Basi bei ya kuiacha iwe ndani ya mshahara mpya. Mimi ningeanza kuzungumza kuanzia 150,000 ya nyongeza, nikikubali kushuka kidogo kama watanipa siku mbili za kupumzika kila wiki ya pili. Wewe unawajua zaidi yangu.

Sasa mzigo wenyewe, maana hapa ndipo utakapolala usingizi au hutalala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na duka lenu lina sistimu ya kisasa lakini halina daftari. Wizi wa wateja upo, wala usijidanganye. Ila umenitajia mwenyewe matundu matatu ambayo hayahusiani na mteja: mzigo unaohamishwa kwa simu, testa, na zawadi za meneja. Nitaongeza la nne ambalo hukulitaja, vitu vilivyopitwa na tarehe vikatupwa bila kuandikwa. Wanja wa maji na maskara havikai miaka, vikifunguliwa ndiyo kabisa. Na pafyumu za testa nimeziona kwa macho yangu Ijumaa jioni, watu wanatoka kazini wanakwenda kwenye shughuli, wanaingia dukani wanajipulizia shingoni, kwenye kwapa, mpaka kwenye mtandio, wanatoka bila hata kuuliza bei. Chupa ya mililita 100 haimalizi mwezi. Kwa sistimu yenu hiyo chupa bado iko rafuni inasubiri mnunuzi, na nyinyi sita mnailipia.

Kwa hiyo, siku ya makabidhiano mzigo uhesabiwe wote kabla hujasaini chochote. Mwe watatu: wewe, anayeondoka, na mtu wa ofisi kuu, tena bora awe wa uhasibu kuliko huyo meneja wa matawi. Kila ukurasa msaini wote watatu, nawe upige picha. Pungufu itakayoonekana siku hiyo iandikwe kuwa imekutwa. Hiyo karatasi ya hesabu ndiyo mkataba wako wa kweli, kuliko hata ile waliyokupa.

Baada ya hapo anza na daftari la kawaida la kaunta, lile la jalada gumu. Dereva akija, anaandika amechukua nini na anasaini kabla boksi halijavuka mlango. Akisema bosi ameagiza, mwambie sawa, bosi anitumie ujumbe wa maandishi, nitausubiri hata kama ni dakika tano. Watakuita mkorofi kwa wiki mbili hivi, kisha watazoea. Testa ikifunguliwa, iandikwe tarehe na iondolewe kwenye mzigo wa kuuza siku hiyo hiyo. Zawadi ya mgeni wa meneja nayo iandikwe, na meneja asaini. Hapo utaona wageni wake wanavyopungua.

Upekuzi nitaugusa kwa ufupi. Kupekua mikoba mlangoni ni desturi ya maduka mengi na sitakudanganya kwamba utaifuta. Lakini mwanamke apekuliwe na mwanamke, na kila mtu apekuliwe, meneja akiwemo. Kama msimamizi, hilo liombe siku ya kwanza, maana wenzako watalikumbuka kuliko jambo lolote jingine utakalowafanyia. Ombeni pia viti viwili. Kusimama saa tisa na nusu hakujawahi kumuuzia mtu poda.

Nimeacha krimu mwishoni kwa makusudi, kwa sababu ndizo zinazonitia hofu juu yako kuliko shoti.

Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kabla yake vilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ambayo leo ni TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Mkaguzi akiingia dukani hamkuti meneja wa matawi. Anamkuta msimamizi. Wewe. Ufunguo wa stoo uko mfukoni mwako na maboksi yako nyuma ya mawigi yako. "Usizihesabu" ni ushauri wa mtu anayeondoka.

Siku stoo ikiwa kimya, chukua boksi moja usome, tena kwa utulivu. Tafuta maneno hydroquinone, clobetasol, mercury, mercurio, calomel (hayo matatu ya mwisho ni zebaki). Ukikuta hakuna orodha ya viambato kabisa, au boksi lote liko kwa lugha usiyoijua na halina alama wala anwani ya aliyeliingiza nchini, hilo nalo ni jibu. Kuna dalili nyingine ambayo wengi hawaijui: maelekezo yakisema krimu isigusane na dhahabu, fedha, aluminiamu au mpira, shuku zebaki. Bibi harusi wetu atavaa dhahabu shingoni, mkononi na puani, halafu tumpake kitu kinachoogopa dhahabu?

Zebaki huharibu figo, na haiishii kwa aliyejipaka, maana hata mtoto anayebebwa na kubusiwa kutwa nzima huipata. Klobetasoli ni dawa ya hospitali, ina kazi yake kwa magonjwa ya ngozi akiisimamia daktari. Ukiifanya krimu ya kila siku ya usoni, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, na siku ukiacha uso unawaka. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kumgeuka mtu, weusi wa bluu ukamkaa mashavuni usitoke. Hawa unawaona dukani kwako wakitafuta fandesheni nzito ya kuficha. Vyote hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu. Upande wa zebaki hata dunia imesogea: nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, nasi tumo, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba ifikapo 2025 vipodozi vilivyotiwa zebaki visitengenezwe, visiingizwe wala kusafirishwa nje.

Sikutumi ukapigane na meneja. Binti anayelisha nyumba hatumwi vita vya namna hiyo kwa barua ya gazetini. Lakini unaweza kukaa nazo mbali kwa maneno yasiyomtuhumu mtu. Andika hivi, kwa barua pepe au hata kwa WhatsApp, mradi ibaki kumbukumbu:

"Bosi, nashukuru sana kwa kuniamini. Niko tayari kuanza tarehe mosi. Naomba tuhesabu mzigo wote kabla ya makabidhiano, na nitasimamia mzigo ulio kwenye sistimu tu. Usio kwenye sistimu naomba uondolewe kabla ya siku hiyo. Naomba pia kipengele cha upotevu kisomeke kwamba nitawajibika kwa hasara itakayothibitika imetokana na kosa langu, kwa utaratibu wa sheria. Kuhusu saa za kazi na mshahara, naomba tukae tuzungumze."

Ujumbe huo hauna krimu, hauna mwizi, hauna hasira. Lakini mwenye akili akiusoma anaelewa. Mpelekee meneja na nakala kwa mtu wa rasilimali watu ofisi kuu, wote kwa pamoja. Wakikujibu vizuri, chukua cheo chako kwa mikono miwili. Wakikujibu "wewe saini tu, mbona wenzako walisaini", baki muuzaji na uanze kutafuta kwingine kimyakimya. Na kama maboksi yatabaki, usiyauze kwa mkono wako hata ukiwa muuzaji. Mteja akiuliza ya nguvu, mwambie huna, umpe mafuta ya kujikinga na jua. Siku ukiwa tayari kuwataarifu TBS, ni haki yako, na nadhani siku hiyo itakuja, ila iwe ni uamuzi wako.

Je, wanaweza kukufukuza kwa kukataa kusaini? Watu hufukuzwa kwa mengi. Lakini umepita miezi sita kazini, hivyo unalindwa dhidi ya kuachishwa isivyo halali, na mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Chunga siku: suala la kuachishwa kazi lifikishwe ndani ya siku 30, na malalamiko mengine kama ya makato ndani ya 60. Kwa hiyo hiyo 110,000 ya mwezi uliopita saa yake imeshaanza kutembea. Fomu yao inaitwa CMA F1. TUICO ni chama cha wafanyakazi kinachogusa sekta ya biashara, waulizeni kama mnaweza kujiunga mkiwa sita. Mmoja akilalamika ni mkorofi, sita ni tawi zima. Tunza hati za mshahara, zote, pamoja na picha za ratiba za zamu. Na uangalie NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama michango inafika. Wanaokata shoti kwa haraka wakati mwingine ni wavivu wa kupeleka michango.

Mama yako msikilize, lakini mwonyeshe hiyo hesabu ya 129,000 kwa 80,000. Wamama wetu hawakatai hesabu, wanakataa maneno. Mwambie pia kwamba ukiamua kuondoka, utatoa notisi ya siku 28 kama mtu anayelipwa kwa mwezi, hutaondoka usiku kama mtoro.

Kuhusu fremu na rafiki yako, siyo mwezi huu. Ujuzi unao, mtaji bado, na mtaji unaokatwa shoti kila mwezi hautakaa ukue. Anza na wateja wako wa rangi ya ngozi, uwapake siku yako ya mapumziko, send-off na kitchen party hazikosekani mjini hapa. Fedha hiyo iweke mbali na ya nyumbani. Mkifika mahali pa kuchanga, ulizeni kwanza TBS kuhusu usajili wa eneo la kuuzia vipodozi na halmashauri kuhusu leseni, kisha muandikishane nani ametoa kiasi gani na nani anashika droo. Na mzigo wa kwanza msijaze mawigi. Yanameza mtaji mzima, na mtindo hubadilika hamjauza hata nusu.

Shangazi